Vidato Kumi na Tisa

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Wahenga hawakufanya kazi Entebbe.
Ngazi yangu ina vidato kumi na tisa,
magurudumu manne, breki inayolia kama mbuzi,
na tangu nikabidhiwe ufunguo wake na marehemu Adriko
sijamwona apandaye akashuka.
Hupanda, mlango ukafungwa,
nami nikaiondoa ngazi taratibu
kama mwenye nyumba akunjaye mkeka mgeni akishaaga.

Wanaoshuka ni wengine.

Kazi hii hunisimamisha chini, ubavuni,
penye kivuli cha bawa,
kwa hiyo sura za watu sizijui.
Nazijua nyayo.
Najua kiatu cha mheshimiwa, kisichotazama kinapokanyaga;
najua raba za masista zenye vumbi la Moroto;
najua kisigino kilichopasuka,
kilichopakwa vaselini alfajiri ile ile
kisije kumwaibisha mwenyewe.

Na wale wasichana wa fulana za njano,
jina la kampuni mgongoni, bahasha kifuani,
wanaokwenda kufua na kulea Uarabuni:
hao huhesabu vidato kwa sauti ya chini,
kila mmoja kwa lugha ya kwao.
Nimejifunza kuhesabu Kisoga, Kiteso, Kikonzo,
bila kujua hata kuomba maji.

Mwezi wa Machi mmoja wao alidondosha ndala.
Kidato cha tisa. Ndala ya buluu, mguu wa kushoto,
ukanda wake umeshonwa kwa waya.
Ilipenya kwenye uwazi, ikaniangukia begani.
"Mbambu, usigeuke," mwenzake akamwambia,
"ukigeuka utarudi."
Nikaiinua juu, nikaita,
lakini jenereta ilikuwa inanguruma.
Hakugeuka.
Aliingia ndegeni mguu mmoja mtupu.

Ipo kwenye sanduku la spana,
kati ya kopo la grisi na chupa yangu ya chai.
Ndege ya Dubai ikitua huifuta vumbi.
Vijana hunicheka: Mzee Ocaki anaposa.

Mtu mmoja tu aliwahi kuishinda ngazi yangu,
bibi wa Kaabong, katoka India kutibiwa moyo.
Alifika mlangoni, akatazama chini,
akageuka, akautupia ulimwengu mgongo,
akaanza kushuka kinyumenyume
kama ashukavyo ghalani kwake,
mikono ikikamata kidato baada ya kidato.
Foleni ikasimama.
Mhudumu akatabasamu mpaka tabasamu likachoka.
Alipokanyaga lami hakunisalimu,
aliipapasa ngazi, akainua macho kwa ndege:
"Ghala gani hili lisilo na mtama?"

Juzi usiku nzi wa ziwa walifurika.
Walizizonga taa, wakafa,
wakajaa kwenye vidato unene wa kidole.
Hakukuwa na ndege. Ngazi ilisimama peke yake uwanjani,
mlango wake upepo.
Nikapanda na ufagio mpaka juu kabisa.
Mbele yangu giza, harufu ya maji,
taa za Kasenyi zikipepesa mbali.
Nilisimama pale kwa muda ambao abiria hapewi.
Kisha nikageuka,
nikaanza kushuka kinyumenyume nikifagia,
kumi na tisa, kumi na nane, kumi na saba,
kwa Kialur, kwa sauti ya chini.

Nisameheni, wahenga.
Kiwanja kizima, methali yenu imenipata mimi.

Kwenye kidato cha tisa niliuweka ufagio kando,
nikapitisha mkono katika ule uwazi.
Ni mpana kuliko nilivyodhani.
Kesho nitamwambia fundi auzibe.
Au nisimwambie.